Jina Chini ya Lebo

Mumbua wangu,

Umeenda kwa msusi na umeniambia nisikungojee na chakula, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu ya maktaba, maana ya nyumbani umeshaipakia kwenye begi lako. Barua hii nitaiweka katikati ya sweta zako, ile ya kijani na ile ya shule uliyokataa kumpa mtu, ili uipate Kakamega baridi ya jioni ikikushika. Ukiipata kabla ya hapo utakuwa umepekua, na mpekuzi asome anyamaze.

Habari za kufunga mlango, kuchemsha maji na kutolala na simu chini ya mto sitaziandika. Nimezisema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nitakuandikia lile ambalo umekuwa ukiniuliza tangu uliporudi kutoka Kitui, na mimi nikawa nakujibu kwa kukumiminia chai.

Lakini kwanza nikuambie kwamba ninajivuna. Mtoto wangu anakwenda kuwafundisha wakutubi wa shule habari za leseni huria, na mimi nimelitangaza jambo hilo hapa Soweto West, Kibera, mpaka watu wamechoka. Nimemwambia mama wa mkaa, nimemwambia na yule wa maziwa, na wote wameniuliza kama leseni hizo zinatolewa na kanjo, wale askari wa baraza la jiji, au na polisi. Nikawaambia hazitolewi na ofisi yoyote, hutolewa na mtu mwenyewe aliyeandika kitabu. Wakanitazama kwa huruma. Jiandae, maana hata huko uendako watakutazama hivyo kabla ya kukusikiliza.

Hata Njambi aliniuliza hilo la kanjo. Unakumbuka alivyokuwa akiingia hapa bila kubisha, na kikombe chake mkononi, kutoka mlango wa pili? Mchana kutwa anafundisha watoto wa chekechea, halafu Jumamosi anakuja maktabani kwetu pale kando ya kanisa, anakaa sakafuni na kuwahadithia watoto wa mtaa mzima mpaka ninazima taa kuwafukuza. Wewe ulimwita anti tangu una meno ya maziwa. Mimi nilimwita Njambi tu, na yeye aliniita Ndunge, na katika mji huu ambao kila mtu ni mama wa fulani, hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu.

Niliporudi kutoka ile semina ya mjini ya maktaba ndogo, mwaka ule wa kampeni, ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Wewe unajua mimi nilikuwa mkutubi wa namna gani. Nilimkataza mtoto wa darasa la sita kuchora ramani kutoka kwenye atlasi, nikamwambia huko ni kunakili na kunakili ni wizi. Mtoto alilia, na mimi nikajiona nimefanya kazi nzuri. Nilifundishwa kulinda vitabu, basi nikawa navilinda vitabu dhidi ya wasomaji.

Kijana aliyetufundisha kwenye semina alisema jambo moja nililolielewa moja kwa moja. Alisema kitabu kina mwenyewe siku zote, na leseni ni maneno ya huyo mwenyewe, ameyasema mapema ili usihangaike kumtafuta kila unapotaka kopi. Mmoja anasema nakili lakini usiuze. Mwingine anasema nakili lakini usiguse hata neno moja. Mwingine anasema fanya utakavyo, tafsiri, geuza, chapisha, ila unitaje jina. Mzee mmoja wa maktaba ya kanisa, aliyekaa nyuma yangu, akapiga makofi. "Kwa hivyo ni bure! Haina mwenyewe!" Kijana akajishika kichwa na kuanza upya.

Utawakuta hao wote Kakamega. Utamkuta wa kufuli, anayewafungia wasomaji vitabu, ambaye nilikuwa mimi, na utamkuta mzee wa makofi anayedhani kisicho na bei hakina mwenyewe. Usiwacheke. Wote wawili wanaogopa kitu, wa kwanza anaogopa kushtakiwa na wa pili anaogopa kurudi mikono mitupu. Yupo na wa tatu ambaye semina haikumtaja, na huyo ndiye niliyegeuka mimi baada ya uchaguzi.

Lakini siku ile nilikuwa bado na furaha. Nilimwambia Njambi azifanye hadithi zake kitabu, na akipe kitabu leseni.

"Leseni? Ya kanjo?"

"Ya kwako. Wewe ndio unapeana."

"Mimi nipeane leseni! Mimi hata ya kuuza mandazi walininyima."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza swali ambalo kila mtunzi atakuuliza, Mumbua, na usimkwepe hata mara moja. "Sasa watu wakikopi, mimi napata nini?"

"Jina. Kila mahali kitabu inaenda, jina yako inatangulia."

Halafu akaniambia kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, kwenye risiti za nyumba, na kwenye karatasi ya mazishi ya mama yake, basi. "Na uandike Njambi," akasema. "Grace ni jina ya hospitali."

Ndivyo tulivyopata *Mbuzi Aliyekula Homuweki*. Picha walichora watoto wenyewe, na ndiyo maana yule mbuzi ana miguu mitano kwenye ukurasa wa jalada na hakuna aliyekubali kuufuta wa ziada. Ndani ya jalada, chini ya alama ya leseni, Njambi aliandika kwa maneno yake mwenyewe: "Kopi hii hadithi, itafsiri, ibadilishe, hata ukiuza ni sawa. Lakini sema ni Njambi wa Soweto alitunga." Nilitaka kusahihisha Kiswahili chake. Ulinizuia, na ulikuwa na haki.

Ile miezi ilikuwa mizuri. Niliitafsiri kwa Kikamba kwa ajili ya watoto wa watu wetu, na kwangu mbuzi akapanda basi la Kitui, akakosa karatasi za kula, akarudi Nairobi amekonda. Mama mmoja wa Vihiga akaitafsiri kwa lugha yake na kumfanya mbuzi kuwa ng'ombe. Njambi alipoonyeshwa alishika mbavu. "Ng'ombe! Na ataingia na wapi hapa Soweto?" Hakuna aliyekuwa amemwomba ruhusa na hakuna aliyekuwa amemkosea, maana kila tafsiri ilikuwa na jina lake juu. Nilimwona akiyagusa majina hayo kwa kidole, moja moja.

Halafu ukaenda Kitui kwa nyanya yako kwa Krismasi. Mimi nikabaki nipige kura na nilinde maktaba. Matokeo yakatangazwa, na yaliyofuata, majirani kugeukiana kwa makabila, unayajua, ila wewe uliyasikia redioni na mimi niliyasikia dirishani.

Asubuhi moja nilitoka kumwita Njambi chai. Mlango wake ulikuwa umerudishiwa tu. Godoro halikuwepo, sufuria kubwa haikuwepo, na mjukuu wake mdogo aliyekuwa akikaa naye hakuwepo. Mlinzi wa nyumba zetu za kupanga akaniambia alimwona akitoka kabla hakujapambazuka, na hakusema anakwenda wapi. Jioni yake watu walivunja kilichobaki, wakatoa vitu nje na kuvichoma, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na kitambulisho chake na vyeti vyake. Kesho yake kulikuwa na watu wengine ndani ya chumba kile wanapika sukuma.

Hakuniaga. Hilo ndilo nililokaa nalo. Baba yako alipofariki nyumba hii ilijaa watu mpaka nikatamani waondoke, na mkono wa Njambi ulikuwa mgongoni mwangu usiku na mchana. Sasa wewe hukuweza kurudi kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa, kadi za simu hazikupatikana kirahisi, na mtu pekee aliyenijua kwa jina langu alipita mlangoni pangu akaenda zake. Nilijiambia amenihesabu miongoni mwa wale waliokuwa wakiwafukuza watu wake. Nilijiambia amehofu kwamba nitamchongea. Nilikuwa na upweke, Mumbua, na upweke ule ukachacha ukawa hasira, na sikuona ulipogeukia.

Ndipo mzee wa kanisa hili la kando yetu akaja maktabani na uso umemshuka. "Mama maktaba, hizo vitabu zako ziko na majina gani juu?" Vijana walikuwa wakipita kila mahali wakiuliza mali hii ni ya nani. Na pale rafuni, safu nzima ya mbuzi, na juu ya kila mbuzi jina ambalo mtu yeyote wa Kibera akilisoma anajua mwenyewe ametoka upande gani.

Nilichukua lebo zangu. Unazijua, zile nyeupe za namba za rafu. Nikabandika lebo juu ya jina, jalada baada ya jalada, na juu ya kila lebo nikaandika namba ili ionekane ni kazi ya kawaida ya maktaba. Hapo sikosi usingizi. Ningeulizwa leo ningefanya vilevile, maana ndani ya chumba kile kulikuwa na vitabu vya watoto wote na kiberiti kimoja kingetosha.

Lakini ndani ya jalada kulikuwa na ule ukurasa wake. Nilikuwa na gundi na karatasi nyeupe, ningeweza kuufunika pia. Badala yake nilianza kuurarua. Niliurarua katika kila kitabu, mpaka meza ikajaa vipande, na nikawa namwambia Njambi kwa sauti, peke yangu, kwamba kama hukuniamini mimi, mimi jina lako nalitakia nini. Hilo ndilo jibu la swali lako, kwa nini niliurarua. Ulidhani ni woga, na mimi nikakuacha udhani, kwa sababu woga watu wanausamehe haraka.

Vijana walikuja kweli. "Tunaangalia tu, mathe." Mmoja akachomoa mbuzi, akakifunua kitabu, akatabasamu. "Ai, si huyu ni ule mbuzi wa miguu tano! Dogo wetu alikuwa anasomewa hii." Akakirudisha rafuni, wakaondoka. Watu wananiambia lebo ziliokoa maktaba. Mimi sijui. Yule kijana aliijua hadithi, basi alimjua na mwenyewe, na aliamua kunyamaza bila kusaidiwa na lebo yangu.

Baadaye mchungaji alikuwa akienda Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, kwenye kanisa lililokuwa limepokea familia zilizohama. Nikamfungia vitabu vya watoto. Niliweka na mbuzi, wengi tu, nikajiona nina moyo mzuri. Lebo sikuzibandua. Nilisema gundi ni kali.

Ulikuwepo siku Njambi alipotueleza yaliyotokea, wakubwa wa siasa walipokuwa wamekwisha kupeana mikono na barabara zimefunguka. Lakini nitayaandika, kwa sababu nataka uyatumie huko uendako, na nataka uyatumie na jina langu.

Watoto pale kanisani walikuwa wengi na vitabu havikuwatosha. Njambi, ambaye alikuwa akilala kwa dadake na kushinda pale akiwafundisha, akamfuata binti aliyesimamia maktaba yao ndogo. Walikuwa na mashine ya kopi. Akaomba watolewe kopi za mbuzi, kila mtoto apate yake.

"Samahani mathe," binti akasema, "lakini hii kitabu lazima iko na mwenyewe, na haijaandikwa ruhusa. Siwezi toa kopi bila mtunzi kusema."

"Mtunzi ni mimi."

Binti akakigeuza kitabu. Jalada lina namba. Ndani hamna ukurasa. Akamtazama Njambi kwa adabu, maana Njambi anasema alikuwa binti mwenye adabu. "Uko na kitu ya kuonyesha? Ama kitambulisho?"

Kitambulisho kilikuwa majivu Soweto. Njambi akasimama pale akiwa na hadithi yake mkononi, na hakuwa na namna ya kusema ni yake. Akajaribu kuisema kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho, na yule binti akamwambia watoto wote hapa wanaijua kwa kichwa. Kisha Njambi akaiangalia lebo. "Nikaona hiyo saba yako, yenye mkia," akaniambia mimi, mbele yako. "Nikajua nani amenifuta."

Yule binti hakukosea. Uwaambie hivyo wanafunzi wako, maana watataka kumcheka. Alikuwa mkutubi anayefanya kazi na kile kilichokuwa mbele yake. Mahali pengine, nasikia, mtu wa makofi alikikuta kitabu hichohicho akakichapa upya na kuandika chini yake "hadithi ya jadi, mtunzi hajulikani." Mwenye kufuli amekificha na mwenye makofi amekipora, na wote wawili wamesukumwa na ukurasa niliourarua mimi.

Njambi alisema anataka hadithi yake irudi. Hataki tena leseni, hataki tena kuwapa watu. Ukaenda kwenye saiba, lile duka la intaneti, ukasoma yale masharti marefu ya Kiingereza mpaka macho yakawa mekundu, ukarudi na habari ambayo hukutaka kunipa. Alichokwisha kukitoa hawezi kukirudisha. Walio nacho wanacho. Lakini anayevunja sharti, ruhusa yake inakufa papo hapo. "Mathe," ukasema, "dunia yote inaruhusiwa kukopi mbuzi wa anti Njambi. Isipokuwa wewe."

Nilicheka, wewe ukacheka, halafu sote tukaacha. Kisha ukaniambia lile la pili, ambalo liliniuma zaidi. Ulisema masharti yanamruhusu mtunzi kuomba jina lake liondolewe. Kwamba kama ningempigia Njambi siku ile na akasema ondoa, ningeondoa kwa haki kabisa. Nilikuwa na salio kidogo kwenye simu siku zile, Mumbua. Nilimpigia mjomba wako kuuliza kama mbuzi wetu wa kweli wamepata mvua.

Ndivyo ulivyoingia kwenye kazi hii, kwa mlango wa kosa langu. Ulianza kwa kuieleza maktaba moja, halafu nyingine, halafu wakakuita. Sitaki uwaanzishie watu na alama na herufi za leseni. Waulize kwanza kitabu walichoshika ni cha nani, na huyo mtu yuko wapi leo, na kama wangempata angewaambia nini. Wakishamwona mtu, masharti watayaelewa wenyewe. Wakikuuliza kama mkutubi anaweza kuondoa jina ili kuokoa maktaba, usiwape jibu la haraka, maana mimi sina.

Lebo tulizibandua wote wawili kwa mvuke wa sufuria, na majina mengine yakatoka na lebo. Ukurasa wa ndani ungeweza kunitolea kopi wewe kutoka nakala iliyoko Vihiga, una ruhusa, na ulitaka. Nilikukaripia. Sikutaka kupitia dirishani kwa mtu ambaye ninastahili kusimama mlangoni pake. Kwa hiyo mbuzi wapo rafuni bila ukurasa, ninawaazimisha watoto na kumtaja Njambi kwa mdomo kila mara, na watoto wanasema, "Tunajua, mathe, umeshasema."

Najua unangoja nikufananishe na kitabu kinachotoka maktabani. Sitakufananisha. Kitabu nikikiazimisha ninajua siku ya kurudi. Wewe hujui na mimi sijui, na kesho nitapika muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe wa kutosha watu wawili kwa mazoea na nitaula siku mbili. Ninaogopa nyumba hii bila wewe. Nimeandika hapo juu kwamba ninajivuna na ni kweli, lakini na hili pia ni kweli, na sitaki ukae Kakamega ukidhani mama yako ni jiwe.

Sasa nikuambie la leo, ambalo hulijui. Nilikudanganya kwamba ninaenda sokoni. Nilienda Kawangware.

Njambi anafundisha chekechea nyuma ya duka la mbao. Alikuwa anawafuta watoto kamasi kwa zamu. Akanipa kiti cha mtoto, magoti yakanifika kifuani.

"Umekuja kufanya nini, Ndunge?"

"Kuomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Si kila mtu ako nayo?"

"Kila mtu. Mimi tu ndio sina. Mumbua ameisoma."

Alifurahi kidogo, nilimwona, kusikia kwamba kuna mahali duniani palipoandikwa kwamba nimekosa. Kisha akawa na sura nyingine. "Kufunika naelewa," akasema. "Ungenipigia ningekuambia funika, tena weka lebo mbili. Lakini ile karatasi ulirarua. Ulirarua ya nini?"

Nikamwambia. Sikuremba. Nilimwambia kwamba alienda bila kuniaga na nilidhani amenihesabu na wale, na kwamba nilirarua kwa sababu hiyo. Mtoto mmoja akaja afungwe kamba za viatu, naye akamfunga polepole, moja halafu ya pili, akamrudisha mahali pake.

"Ndunge," akasema, "ningekuaga, wangekuja kukuuliza niko wapi. Wewe unajua kudanganya?"

"Sijui."

"Hata sukari ukificha, uso yako inasema iko wapi. Ndio nilienda hivyo. Nilipita hapo kwa mlango yako na viatu kwa mkono, nikiombea mtoto asikohoe."

Nililia, Mumbua. Nililia vibaya, mbele ya watoto wa chekechea, na wakanishangaa kwa sababu walidhani ni wao tu wanaolia pale. Yeye hakulia. Alinipa kile kitambaa cha kamasi, na mimi nikakitumia.

Nilipotulia nikamwomba tena, kwa maneno kamili, aniruhusu kutoa kopi ya hadithi yake na kuurudisha ukurasa wake mahali pake. Akanisindikiza hadi langoni. Akaniuliza kama ni kweli unaondoka kesho, nikasema ni kweli. "Mumbua nimempa," akasema. "Akopi, afundishe nayo, aende nayo mpaka Uganda akitaka. Wewe bado."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Uwe unaniuliza."

Basi nitakuwa ninamuuliza. Ukinipigia Jumamosi na simu ikalia bila kujibiwa, usiogope na usiwasumbue majirani. Nitakuwa nimeenda Kawangware.

Mama yako, ambaye bado hana ruhusa,

Ndunge